Motokaa ya Ndugu Wawili

Chuma hakiliki kwa siku moja. Jembe jipya linaponunuliwa dukani huwa pana na zito, na mkulima alitumiapo kila asubuhi haoni siku lilipopungua. Baada ya misimu kadha huliweka kando ya jembe jingine jipya, na hapo ndipo ashangaapo kuona kwamba amebakiwa na nusu ya jembe. Udongo umeila nusu ya pili mbele ya macho yake naye hakujua. Ndivyo ilivyo kwa ufunguo wa motokaa, na ndivyo ilivyompata karani mmoja wa serikali katika mji wa Homa Bay.

Karani huyo alifanya kazi katika masjala, akitunza majalada na kuyapeleka kwa wakubwa wanapoyahitaji. Alikuwa mtu mwangalifu kazini, asiyekubali karatasi iwekwe mahali pasipo pake. Nyumba yake ilikuwa upande wa chini wa kilima cha Asego, na kila asubuhi majirani walimwona akiingia katika motokaa yake na kuanza kazi ya kuiwasha. Kwanza aliusukuma ufunguo mpaka mwisho. Kisha aliurudisha nyuma kidogo kiasi cha unene wa ukucha, akaubinya kuelekea juu kwa kidole gumba, akautikisa mara mbili tatu, ndipo akauzungusha. Siku nyingine motokaa iliwaka mara ya kwanza, na siku nyingine mara ya kumi. Watoto waliokuwa wakienda shule walisimama kutazama, wakahesabu kwa sauti.

Yeye hakuona haya. Aliwaambia rafiki zake kwamba motokaa hiyo inamjua bwana wake kama ng'ombe amjuavyo mkamuaji, na kwamba mwizi akija usiku atatoka jasho bure. Siku moja, alipokuwa akiteremka kutoka Rodi Kopany kuelekea ziwani, ufunguo ulichomoka wenyewe ukamwangukia mapajani, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna lililotokea. Aliucheka mwujiza huo, akausimulia ofisini kesho yake. Mzee mmoja aliyekuwa dereva kwa miaka mingi hakucheka. Alisema tu, "Bwana karani, mlango ambao ufunguo wake hutoka upendavyo, huo haujafungwa." Lakini karani aliyachukua maneno hayo kuwa ni mafumbo ya wazee, akarudi kwenye majalada yake.

Yafaa kueleza jinsi motokaa hiyo ilivyopatikana, kwa maana haikuwa yake peke yake. Kaka yake mkubwa alikuwa mkulima wa miwa upande wa Ndhiwa, na ndiye aliyebaki nyumbani kulima ili mdogo wake asome. Miaka sita kabla ya mambo haya ndugu hao waliunganisha fedha zao, huyu za mshahara na yule za miwa, wakanunua motokaa ndogo ya kubeba watu na mizigo iliyoletwa kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa. Kama ilivyo desturi ya magari ya namna hiyo, haikuwa mpya. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8, na hiyo ilikuwa karibu kuufikia mpaka huo. Ilikuja na funguo mbili, mmoja umechakaa kwa mikono ya mtu wa Japani ambaye hawakumjua, na wa pili unang'aa kama haukupata kutumiwa.

Ndugu hao walikubaliana kwamba motokaa ikae Homa Bay kwa karani, na kwamba kaka aichukue wakati wa mavuno, majuma mawili au zaidi kidogo kila mwaka. Karani alishika ufunguo uliochakaa. Ule uliong'aa walimpa mama yao autunze, kwa kuwa mama alisema, "Mali ya watu wawili yataka shahidi wa tatu. Kila mmoja wenu akiwa na wake, mtafika siku ya kusema ni yangu." Akaufunga katika kitambaa, akauweka katika mkebe ambamo huweka hati za shamba.

Mambo yalikwenda vizuri kwa miaka minne. Mwaka wa tano, baada ya mavuno, kaka aliirudisha motokaa, na asubuhi ya pili ufunguo ukakataa kuzunguka kabisa. Karani alichelewa kazini saa nzima. Jioni alimpigia kaka yake simu akiwa bado ana hasira, akamwambia neno ambalo halikumpasa mdogo kumwambia mkubwa: kwamba mkono uliozoea jembe haujui kushika ufunguo. Kaka alikaa kimya kidogo. Kisha akajibu, "Vema, ndugu yangu. Mkono huu hautaigusa tena." Na kweli hakuigusa. Mavuno yaliyofuata alikodi gari la watu wengine kwa fedha, na motokaa ambayo nusu yake ni jasho lake ilikaa Homa Bay chini ya mwarobaini.

Kuanzia siku hiyo karani hakwenda nyumbani mara kwa mara kama zamani. Alijua kwamba ule ufunguo wa pili umo mkebeni mwa mama, lakini kuuomba kungekuwa kuanzisha mazungumzo ambayo hakuyataka. Basi akaamua kutengeneza mwingine sokoni. Kijana aliyekuwa na mashine ya kuchonga funguo aliupokea ule wa zamani, akaupitisha kidole kwenye meno yake, akauliza, "Mzee, hakuna mwingine usiolika kama huu?" Karani akasema hakuna. Kijana akatikisa kichwa. "Nitauchonga, lakini jua jambo moja. Mashine hii haijui ufunguo ulivyokuwa. Inajua ulivyo leo."

Ufunguo mpya ulikuwa mzuri kutazama, wa rangi ya shaba iliyong'aa, lakini ulifanya kazi vibaya kuliko baba yake. Karani alidhani amedanganywa. Hata hivyo alianza kuutumia huo, akaufunga katika shada pamoja na funguo za masjala, za kabati za chuma, za nyumba na za lango, shada zito lililomfanya aonekane mtu wa madaraka.

Usiku mmoja wa mvua za masika, yapata saa tano, simu ililia. Alikuwa ni shemeji yake, mke wa kaka. Mama alikuwa na homa tangu adhuhuri, na sasa alikuwa akitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Magari ya abiria yalikuwa yamekwisha kulala. "Shemeji, njoo na motokaa," alisema. "Upesi."

Karani alitoka mbio bila kofia. Jioni ile alikuwa ameiegesha motokaa mahali penye mteremko, gurudumu la mbele likiegemea jiwe ili lisiteleze, na usukani ulikuwa umejifunga. Akaingiza ufunguo, akaurudisha kiasi cha ukucha, akaubinya, akautikisa. Haukuzunguka. Akajaribu mara kumi, mara ishirini. Mvua ilimlowesha mgongo kupitia mlango uliokuwa wazi. Akaushika kwa mikono miwili akaukaza kwa nguvu zake zote, na hapo ukalegea ghafula kama kitu kilichokubali. Alipoinua mkono aliona kwamba ameshika kichwa cha ufunguo na shada lake tu. Meno yalikuwa yamebaki ndani.

Hapana haja ya kueleza sana jinsi alivyoupitisha usiku huo. Alikwenda kuamsha jirani mwenye gari, akakuta amesafiri. Alipiga simu nyumbani, na shemeji akamwambia kwamba kaka amekwisha ondoka: amemweka mama kwenye pikipiki ya abiria, mama katikati, dereva mbele, kaka nyuma akimshikilia kwa mkanda na nguo, wakielekea hospitali katika matope. Baada ya hapo simu ya kaka haikupatikana. Karani alikaa ndani ya motokaa isiyokwenda mpaka alfajiri, akisikiliza mvua juu ya bati lake.

Akapanda matatu ya kwanza mpaka Rodi, na nyingine mpaka Ndhiwa. Alimkuta mama kitandani, ametundikiwa dawa, usingizi umemchukua. Daktari alisema ni malaria kali, lakini ameletwa kwa wakati. Kaka alikuwa ameketi kwenye benchi, matope yamemfika magotini na kukauka. Karani alisimama mbele yake, asijue aanze wapi.

"Motokaa iko wapi?" kaka akauliza.

"Ufunguo umevunjika ndani ya kufuli, kaka."

Kaka aliitikia kwa kichwa tu. Baadaye akasogea upande mmoja wa benchi, na mdogo wake akakaa.

Mama alipopata nafuu na kurudishwa nyumbani, hakuuliza ni nani aliyekosa. Alimtuma mjukuu kuuleta mkebe. Ndani mlikuwa na hati za shamba, cheti cha shule cha karani kilichokunjwa mara nne, na kitambaa. Alikifungua kitambaa akautoa ufunguo, akauweka mkekani. Karani naye akatoa mfukoni ule uliochakaa, ule wa kwanza, akauweka kando yake.

Hapo ndipo alipoona. Ufunguo wa mkebeni ulikuwa na meno yaliyosimama wima, mabonde yake yana kingo kali, kama milima ionekanavyo asubuhi. Ufunguo wake ulikuwa kama milima hiyo hiyo ikitazamwa katika ukungu: vilele vimelainika, mabonde yamepanuka, na ncha imekuwa mviringo kama kokoto ya ziwani. Kama mtu angeonyeshwa huo peke yake angesema ni mzima. Zilipowekwa mbili pamoja, hapakuwa na la kubishania.

Kwa kuwa alikuwa karani, akafanya hesabu. Yeye aliwasha motokaa hiyo si chini ya mara sita kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa miaka sita. Jumla ilikuwa mara 10,800. Kaka aliitumia siku kumi na nne kila mwaka, kwa miaka mitano tu. Naye akiiwasha mara sita kwa siku, jumla yake ni 420. Na kabla yao wote alikuwako yule mtu wa Japani. Karani aliiandika hesabu hiyo nyuma ya bahasha, akampa kaka yake asome.

"Mkono ulioula ufunguo ni huu wangu," akasema. "Neno nililokuambia sikustahili kulisema. Nisamehe, kaka."

Kaka aliitazama bahasha kwa muda. "Kumbe ulikuwa unajua hesabu siku zote," akasema, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Juma lililofuata ndugu wote wawili walikwenda Homa Bay pamoja na fundi wa makufuli. Fundi aliung'oa usukani mfuniko wake, akakitoa kipande kilichovunjika kwa waya mwembamba wenye ncha ya kulabu, kisha akaitoa silinda ya swichi na kuifungua juu ya gazeti, ili wenye mali waone. Maelezo yake yanafaa kuandikwa, kwa sababu watu wengi hushika ufunguo kila siku bila kujua unalofanya.

Ndani ya silinda hiyo mna vibati vidogo vya shaba vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kikisukumwa na springi nyembamba kama uzi. Pasipo ufunguo, vibati hivyo hutokeza nje ya silinda na kuizuia isizunguke, kama vidole vilivyong'ang'ania ukuta. Ufunguo ulio sawa unapoingia, kila jino na kila bonde hukiinua au kukishusha kibati chake mpaka vyote vinalingana na uso wa silinda, na hapo silinda huzunguka bila kuombwa. Asili ya ufundi wa namna hii ni ya kale mno: watu wa Misri ya kale walikuwa na makufuli ya mbao yenye pini zilizoinuliwa kwa ufunguo. Makufuli madogo ya chuma yenye ufunguo bapa yalienea kwa kazi ya Mmarekani Linus Yale mdogo, aliyepata hataza zake mwaka 1861 na 1865. Katika motokaa ufunguo ulichelewa kuja. Hapo mwanzo watu walizungusha hendeli mbele ya injini, na wengi walivunjika mikono. Mwaka 1912 motokaa za Cadillac zilianza kuuzwa zikiwa na mashine ya umeme ya kuwashia iliyobuniwa na Charles Kettering, na mwaka 1949 kampuni ya Chrysler ikaleta ufunguo wa kuwasha injini kwa kuuzungusha tu.

"Sasa tazameni," fundi akasema. Akauingiza ufunguo wa zamani katika silinda iliyo wazi. Vibati viwili vilibaki vimetokeza kwa unene wa karatasi. "Huo ndio ugomvi wote. Meno yamepungua, kwa hiyo vibati havifiki mahali pake. Ulipoubinya na kuutikisa, ulikuwa ukitafuta bahati. Na kila ulipotikisa, uliusugua zaidi, na vibati navyo vikalika." Kisha akauingiza ule wa mkebeni, na vibati vyote vikalala sawa.

Karani akamwuliza kuhusu ule wa sokoni. Fundi akajibu kwamba kijana hakumdanganya. Mashine ya kuchonga hufuata umbo la ufunguo uliowekwa mbele yake. Ukiwekwa uliolika, hutoa uliolika, na huongeza kosa dogo la mashine yenyewe juu yake. Njia iliyo sawa ni kuchonga kutokana na ufunguo usiotumika. Kama haupo, itafutwe namba ya ufunguo, ambayo mara nyingi huwa katika kibati kidogo kilichokuja na funguo motokaa ilipokuwa mpya. Kwa namba hiyo fundi mwenye vifaa aweza kuchonga ufunguo kama ulivyotoka kiwandani. Na kama namba nayo imepotea, aweza kufungua kufuli la mlango wa abiria, ambalo halitumiki sana, akasoma urefu wa kila kibati na kuchonga ufunguo unaolingana navyo. Lakini aliwaonya kwamba magari mengi huwa na chombo kidogo cha umeme ndani ya kichwa cha ufunguo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kizuizi cha namna hiyo kimekuwa lazima kwa motokaa mpya tangu mwaka 1998. Motokaa ya jinsi hiyo haiwaki kwa meno peke yake. Chombo hicho lazima nacho kitambuliwe. Bahati yao ni kwamba yao ilikuwa ya aina isiyokuwa nacho.

Maneno hayo yalimwingia karani kwa njia ambayo fundi hakuitazamia. Katika masjala aliona kila siku barua iliyonakiliwa kutokana na nakala, na nakala hiyo ikanakiliwa tena, mpaka tarakimu 3 ikasomeka 8 na jina la mtu likawa la mtu mwingine. Naye ndiye aliyewafundisha makarani vijana kwamba shaka ikitokea wasiangalie nakala mpya, waende kwenye hati ya asili. Alilijua jambo hilo katika karatasi, akashindwa kulijua katika mfuko wake mwenyewe, kwa sababu hati ya asili ilikuwa nyumbani kwa mama, na njia ya kuifikia ilipita mlangoni kwa kaka yake.

Fundi aliwaonya juu ya mambo mengine matatu. La kwanza ni juu ya wizi. Kufuli lililolika halimzuii mwizi. Vibati vikikwisha kulegea, ufunguo wa motokaa nyingine waweza kuliwasha, hata bisibisi. Kwa hiyo majivuno ya karani kwamba motokaa inamjua bwana wake yalikuwa kinyume cha ukweli. Ilikuwa imeanza kutomjua yeyote. La pili ni juu ya usukani. Ndani yake mna pini ya chuma inayoufunga ufunguo utolewapo, na magurudumu yakiegemea kitu pini hiyo hubanwa. Dawa yake si nguvu. Dereva aushike usukani kwa mkono mmoja, auchezeshe kidogo kushoto na kulia, huku mkono wa pili ukiuzungusha ufunguo polepole. Usiku ule wa mvua pengine hilo lingetosha. Tena, ufunguo unaochomoka motokaa ikienda si jambo la kucheka, kwa maana katika kufuli bovu pini hiyo yaweza kuingia mahali pake, na dereva akashika usukani usiogeuka.

La tatu lilikuwa juu ya lile shada zito. Fundi aliliinua kwa kidole, akalipima. Uzito unaoning'inia huvuta ufunguo chini kila motokaa irukapo shimoni, ukasugua vibati na kuchosha swichi. Jambo hili nje ya nchi limegharimu maisha ya watu. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita tena magari madogo yapata milioni 2.6, kwa kuwa swichi zake zilikuwa legelege. Uzito wa shada, au goti la dereva likiligusa, uliweza kuurudisha ufunguo kutoka mahali pa kuwaka. Injini ikazimika njiani, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa ya kuwakinga watu isifunguke wakati wa ajali. Mfuko wa fidia uliowekwa kwa ajili hiyo ulikubali madai ya vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza shauri la jinai. Kilichowaudhi watu zaidi ni kwamba ndani ya kampuni walikuwamo waliojua kasoro hiyo miaka mingi kabla. Walikuwa wameizoea, kama karani alivyouzoea ufunguo wake.

Basi fundi alibadili vibati vilivyolika, akaisafisha silinda na kutoa vumbi jekundu la barabara zetu, akapulizia unga wa risasi ya penseli mahali pa mafuta. Alieleza kwamba mafuta hulainisha siku chache tu, kisha hukamata vumbi na kuwa tope. Akachonga funguo mbili mpya kutokana na ule wa mkebeni. Silinda ilipoingizwa mahali pake, karani alinyosha mkono kuijaribu, kisha akaurudisha.

"Anza wewe, kaka," akasema.

Kaka akaketi mbele ya usukani. Akauingiza ufunguo, na kwa mazoea ya zamani akataka kuurudisha nyuma kiasi cha ukucha. Fundi akamzuia. "Zungusha tu." Akauzungusha kwa vidole viwili, na motokaa ikawaka kabla hajategemea.

Siku hizi ufunguo mmoja uko Homa Bay katika kamba peke yake, mbali na funguo za masjala. Wa pili uko kwa kaka, naye huitumia motokaa wakati wa mavuno na hata nje ya mavuno. Na ule wa asili ulirudi kwa mama siku ile ile. Aliupitisha kidole kwenye meno yake kuhakikisha kwamba ndio wenyewe, akaufunga katika kitambaa, akauweka mkebeni juu ya hati za shamba. Kisha akawaambia wanawe kwamba atakayeuhitaji na aje auombe, nao wakaitikia.